Nondo wa kope za shaba: ni Chilo orichalcociliellus kweli au ni yule yule mgeni?

Mtegataa

Wakuu habarini. Uzi huu ni mrefu, asiye na muda apite tu, ila wadau wa wadudu sogeeni maana nina kesi imeninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Iko hivi. Mwezi uliopita nilipasua mabua ya mtama kwenye shamba la jamaa yangu huku Kilifi, mabua yenyewe yameshachoka yamejaa matundu, nikatoa funza saba, wale weupe wa rangi ya maziwa wenye madoa ya kahawia yamepanga mistari mgongoni. Nikawatia kwenye chupa na vipande vya bua bichi, mdomoni nikafunga kitambaa, nikawa nawabadilishia chakula kila baada ya siku mbili. Wawili walikufa mapema, wanne wakageuka pupa, mmoja mpaka leo anakula tu kama hana habari.

Katika wale pupa wanne wametoka nondo watatu, madume mawili na jike moja. Ukiwatazama haraka wote ni kitu kimoja, rangi ya nyasi kavu, wamekunja mabawa kama paa la nyumba, na zile palpi za mdomoni zimechomoza mbele kama mdomo wa ndege. Mtu yeyote hapa ataniambia Chilo partellus, yule mgeni wa kutoka Asia, funga uzi. Na mimi ndivyo nilivyoandika kwenye daftari, partellus watatu.

Sasa juzi usiku nimewasha tochi kumsogelea dume la pili, naona matamvua ya bawa la mbele, yaani ile nywele nywele ya ukingoni, inang'aa. Sio kung'aa kwa bahati, inang'aa rangi ya shaba ya manjano iliyosuguliwa. Na juu ya bawa kuna magamba machache yanametameta kama vumbi la metali. Dume la kwanza hana kitu kama hicho. Nikakumbuka kuna jina refu nililisoma zamani nikalipita kwa sababu halitamkiki, Chilo orichalcociliellus. Je ndiye? Na je kuna mtu amemuona huyu mdudu miaka ya karibuni au sote tunamuandika partellus tunalala?

Mpita Njia

Hilo jina nimejaribu kulisoma mara tatu ulimi ukafunga breki. Nakaa siti ya mbele hapa

Mkulima Mbishi

Mkuu mbona kama unahangaika bure, huyo si ndiye kiwavijeshi vamizi? Siku hizi mahindi yote yameliwa na huyo huyo, sijaona mwingine.

Mtegataa

Hapana kaka. Kiwavijeshi vamizi ukimuangalia usoni ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia, pingili ya pili kutoka mwisho, ana madoa manne makubwa yamekaa kama pembe nne za mraba. Hawa wangu hawana. Tena yule katangazwa Afrika 2016 tu, anapenda kukaa kwenye moyo wa mhindi anaacha uchafu kama vumbi la mbao pale juu. Hawa nimewatoa katikati ya bua, wanachimba handaki.

Bi Darubini

Nimeona uzi umenivuta shati. Mtegataa, umefanya jambo moja la maana sana nalo ni kufuga mpaka nondo akatoka. Watu wengi wanapiga picha funza ndani ya bua wanataka jina, na kwa hawa jina la funza peke yake ni kubahatisha.

Tuanze mwanzo ili wote twende pamoja. Mabua ya mahindi na mtama Afrika Mashariki yanatobolewa na makundi mawili yasiyo hata na undugu wa karibu. Kuna Busseola fusca na akina Sesamia, hao ni familia ya Noctuidae, funza wao wana rangi ya waridi au zambarau iliyofifia bila madoa ya kujipanga wazi. Halafu kuna akina Chilo, familia ya Crambidae, ambao vitabu vya zamani mtawakuta chini ya Pyralidae maana zamani yote ilikuwa nyumba moja. Ukitaka kuwatenga bila kubishana, mgeuze funza tumbo juu, tazama ile miguu minene ya tumboni kwa lenzi. Ina vindoana vidogo sana. Kwa Chilo vindoana vimekaa duara kamili kama taji, kwa Noctuidae ni mstari uliopinda kama nusu ya duara. Hata mayai yanatofautiana, Chilo anataga mayai bapa yaliyolaliana kama magamba ya samaki juu ya jani, Busseola anayaficha ya duara nyuma ya ala ya jani.

Kwa hiyo kutofautisha Chilo na Busseola ni kazi ya asubuhi moja. Kutofautisha Chilo na Chilo ndiyo kesi yenyewe.

Mtegataa

Taji ninaiona mama, duara kabisa. Kwa hiyo Chilo nimepita. Na shaba je?

Bi Darubini

Shaba ni dalili nzuri, ila sio ushahidi. Jina lenyewe limetokana na hiyo shaba, orichalcum ni shaba ya manjano kwa Kilatini na cilia asili yake ni kope, ila watu wa wadudu wanaitumia kwa matamvua ya bawa. Ni kama aliyempa jina kamuita nondo mwenye kope za shaba. Jina zuri kuliko mdudu mwenyewe ukiniuliza.

Lakini kuna mambo mawili. Kwanza magamba ya nondo ni kama unga, kila akipapatika anapungua. Nondo uliyemkuta kwenye taa ameshazunguka usiku kucha, matamvua yameisha, shaba imekwenda, huyo utamuita partellus na hutojua umekosea. Wewe wako ametoka kwenye pupa ndani ya chupa, ndiyo maana umebahatika. Pili, kung'aa hakumilikiwi na mmoja. Kule Asia yuko Chilo auricilius, naye jina lake ni kope za dhahabu, anakula miwa na mpunga. Ukitegemea kung'aa peke yake utajikuta umemleta mdudu wa Asia Kilifi bila nauli.

Mpita Njia

Bila nauli 😂😂 endelea mama

Msoma Lebo

Mimi naomba kuuliza kitu kidogo kinachonikera. Sehemu nyingine wanaandika orichalcociliellus, nyingine orichalcociliella. Ni wawili au ni mmoja? Na ile mabano kwenye (Strand, 1911) inakuwepo kwa wengine na kwa wengine haipo, ni uzembe wa wachapaji?

Bi Darubini

Ni mmoja, na mabano sio uzembe. Swali lako zuri kuliko unavyodhani.

Embrik Strand alikuwa Mnorwei akifanya kazi kwenye jumba la makumbusho la Berlin, enzi hizo Tanganyika ni koloni la Mjerumani na makopo ya wadudu yanasafirishwa kule. Mwaka 1911 akamuelezea huyu nondo akamuweka kwenye jenasi Diatraea, jenasi ni kama ukoo wa spishi zenye undugu wa karibu. Diatraea kwa kanuni za majina ni jinsia ya kike, kwa hiyo jina la pili likaisha na -ella. Baadaye akahamishiwa Chilo, na Chilo inahesabiwa ya kiume, basi mkia ukageuka ukawa -ellus. Ni upatanisho wa ngeli tu huo! Kama wewe ulivyozoea kiti kizuri, ukibadilisha ukasema meza lazima iwe nzuri. Mswahili hana sababu ya kushangaa hapo, Mwingereza ndiye anayepata tabu. Ila wataalamu wengi wa vipepeo na nondo wamechoka na huo upatanisho, wameamua kuliacha jina kama lilivyoandikwa mara ya kwanza hata jenasi ibadilike, ndiyo maana mnakuta -ella inatembea mpaka leo. Ukitafuta mtandaoni tafuta yote mawili la sivyo unakosa nusu ya maandiko.

Mabano maana yake ni kwamba aliyetoa jina alimuweka kwenye jenasi nyingine, sio hii aliyopo sasa. Basi. Mabano ni kama cheti cha uhamisho.

Kwa faida tu, hiyo -ella haikuanza na Strand. Linnaeus, yule Mswidi aliyeanzisha mtindo huu wa majina mawili, aliwapa nondo mikia kwa makundi, -ella kwa vile vinondo vidogo alivyoviita Tinea, -ana kwa Tortrix, -alis kwa Pyralis. Ukiona mkia unajua aliyetoa jina alikuwa anamuwazia ukoo gani, hata kama alikosea. Na huyo Strand alitoa majina mengi mno, na viumbe waliobeba jina lake, strandi na embriki, wapo. Kila mtu na furaha yake.

Mkulima Mbishi

Sawa mmenikosha kwa Kilatini, sasa mimi mwenye shamba nipate nini hapo? Awe na kope za shaba awe na kope za bati, mtama wangu umetobolewa.

Mtegataa

Mbishi una haki kuuliza, ngoja nikujibu mimi halafu mama atanisahihisha.

Huyu partellus sio wa kwetu. Ni wa Asia, kaelezewa na Swinhoe 1885 kwa nondo wa India, vitabu vya zamani vilimuita Chilo zonellus. Afrika aliandikwa kwanza Malawi, mwanzoni mwa miaka ya 1930, halafu miaka ya 1950 akawa ameshakaa Afrika Mashariki. Pwani hii mwenyeji alikuwa huyu wa shaba. Kwenye miaka ya 1970 huku Pwani ya Kenya yeye ndiye alikuwa Chilo wa kutajwa, kufika miaka ya 1990 mgeni ndiye kajaa mashambani na mwenyeji unamtafuta kwa tochi. Kilichomponza ni kwamba mgeni anakua haraka, na kwenye mabua makavu ambako wote wanalala kungoja mvua, mgeni anaamka mapema, kwa hiyo mvua za kwanza zikishuka mtama unakuta umeshawahiwa. Umefika kwenye sherehe sahani zimeshaoshwa.

Bi Darubini

Sahihi kabisa, na naongeza. Afrika Kusini huko nyanda za juu mgeni huyo huyo alimsukuma hata Busseola fusca ambaye ni mnene kuliko yeye.

Ila mwenyeji hajafutika. Watafiti waliofanya kazi Pwani ya Kenya walikuta kuna aina mbili za nyasi za asili ambazo orichalcociliellus anakua mpaka anakuwa nondo, partellus akiwekwa humo hafiki. Yaani mgeni kachukua shamba, mwenyeji kabaki na pori. Ndiyo maana ukimtafuta kwenye mahindi tu utasema ameisha.

Sasa shamba lako, Mbishi. Kwa dawa na kwa kuchoma mabua baada ya mavuno, hao wawili hawana tofauti ya kukusumbua kichwa. Pale ambapo jina linafanya kazi ni kwa wadudu marafiki. Kuna kinyigu kidogo sana, Cotesia flavipes, kililetwa kutoka Pakistan na icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, mwaka 1991 kikaachiwa Pwani 1993. Kinaingia mpaka ndani ya handaki, kinamchoma funza na kumtagia mayai mwilini. Kwa Chilo wote wawili kinafaulu, kwa Sesamia calamistis kinafaulu, kwa Busseola fusca hakifaulu, kinataga lakini damu ya Busseola inayafunga mayai yanakufa. Kwa hiyo ukiwa na Chilo una msaidizi asiyekudai mshahara, ukiwa na Busseola usimtegemee huyo. Umeona faida ya kujua ni nani?

Mkulima Mbishi

Hapo nimekuelewa mama. Kumbe hivyo vinyigu navyoviona na mimi nilikuwa napuliza dawa vyote, wallahi.

Msoma Lebo

Turudi kwa nondo, tusimuache Mtegataa hewani. Si apeleke DNA tu yaishe?

Bi Darubini

DNA nzuri, siipingi. Kile kipande cha jeni ya COI, herufi 658 hivi, kinasomwa kutoka mguu mmoja wa nondo na kinatenganisha spishi nyingi vizuri. Ila elewa mashine haimjui nondo, inalinganisha tu na kile kilichowekwa kwenye hifadhi ya kumbukumbu za DNA na mtu fulani aliyemtambua kwa macho. Mtu huyo akiwa ameandika partellus kwa mazoea, wewe utaletewa partellus kwa uhakika wa asilimia mia na wote mmekosea kwa pamoja. Kosa linazaa na kujukuu.

Kwa Chilo njia ya kuaminika bado ni viungo vya uzazi vya dume. Stanisław Błeszyński alipanga upya jenasi hii ya dunia nzima mwaka 1970, na michoro yake ya viungo ndiyo watu wanaifungua mpaka leo. Rangi ya bawa kaitaja, umbo la uso kalitaja, maana Chilo wengine paji la uso limechongoka kama koni na wengine la mviringo, lakini neno la mwisho analiachia tumbo.

Mtegataa una madume mawili. Uko tayari?

Mtegataa

Niko tayari ila mikono inatetemeka. Nipe hatua.

Bi Darubini

Kwanza kabla hujagusa kitu, piga picha mabawa yote juu na chini, pima, halafu andika lebo. Mahali, tarehe, mmea uliomtoa, nani katoa. Nondo bila lebo ni pambo la ukutani.

Halafu vunja tumbo taratibu kwa kulisukuma juu, litatoka lenyewe. Litie kwenye haidroksaidi ya potasiamu ya asilimia 10, liache mpaka kesho au lipashe kidogo kwenye maji ya moto, nyama itayeyuka libaki gamba. Hiyo dawa inaunguza ngozi na macho, vaa glavu na miwani, usijifanye shujaa. Suuza kwa maji, peleka kwenye alkoholi, futa magamba kwa brashi laini. Ncha ya mwisho ndipo penyewe. Toa vile vipande viwili vya pembeni vilivyokaa kama viganja, hizo ni valva, zifungue kama kitabu. Katikati kuna kisahani chenye mikono miwili, juxta, angalia urefu wa mikono yake na kama iko sawa kushoto na kulia. Halafu chomoa uume wenyewe ukae pembeni, tazama ndani kuna miiba mingapi na ya umbo gani. Linganisha na mchoro, usilinganishe na kumbukumbu.

Mpita Njia

Nimetoka kula nikafungua huu uzi, kosa langu mwenyewe

Mtegataa

Wakuu nimerudi. Siku nne kimya kwa sababu ya aibu. Dume la kwanza, lile lisilong'aa, nilipasha maji nikapokea simu, maongezi yakakolea, narudi nakuta kile kikombe kimekauka na tumbo limekuwa kama kipande cha ukoko. Nimeokoa valva moja na nusu. Picha nimemtumia mama ila sijivunii.

Dume la shaba nilikaa nalo kama mgonjwa. Simu nilizima. Valva zote mbili, juxta nzima, na uume umechomoka safi. Nimechora kwa penseli vile vile nilivyoona kabla sijafungua mchoro wa kitabu ili macho yasinidanganye.

Bi Darubini

Nimetazama picha zote usiku na nimezirudia asubuhi nikiwa na akili nyingine, maana usiku mtu unaona unachokitaka.

Dume la shaba ni Chilo orichalcociliellus. Mikono ya juxta na miiba vinakaa kwenye mchoro wake, na havikai kwa partellus hata ukilazimisha. Hilo naliandika na jina langu hapa chini.

Lile lililoungua siwezi kuliapia. Kipande kilichobaki hakipingani na partellus, bawa nalo ni la partellus, lakini kutopingana sio kuthibitika. Liandike Chilo, weka nukta hapo, spishi usijaze. Na jike usimpe jina kwa sababu tu katoka kwenye shamba moja na hawa. Viungo vya jike navyo vinasaidia, ila kwanza tulia, usimuunguze na yeye.

Mtegataa

Nimefuta ile partellus watatu kwenye daftari. Inauma kidogo kwa sababu niliandika kwa wino na kwa kujiamini. Sasa inasomeka mmoja orichalcociliellus, wawili Chilo tu.

Kinachonisumbua ni daftari za nyuma. Nina miaka sita ya nondo wa kwenye taa, na Chilo wote nimewaandika partellus, karibu kurasa tatu. Wengi niliwaachia waruke, sina hata mguu wa kurudia kuangalia.

Bi Darubini

Wale usiwaguse, usiwabadilishe jina kwa kukisia upande wa pili. Pembeni andika tu hawakuchunguzwa viungo. Atakayesoma ataelewa uzito wake. Wenye miili kwenye boksi ndio warudie foleni.

Msoma Lebo

Mimi nina boksi la nondo wa Tanga wa miaka mitatu, akina Chilo kama kumi na moja. Naanza leo. Simu naizima mapema

Mkulima Mbishi

Mtegataa na yule funza wa saba aliyekuwa anakula tu, kaishia wapi? Umemsahau.

Mtegataa

Nilikuwa nakuja na hiyo hiyo kaka. Jana asubuhi nimefungua chupa nimemkuta amelegea hatikisiki, na pembeni yake kuna rundo la vifuko vyeupe kama punje za mchele mdogo sana, vimeshikana, nimehesabu thelathini na kitu nikachoka. Leo vimeanza kufunguka, vinyigu vyeusi vidogo vinatembea kwenye kitambaa.

Mama nikafurahi nikaandika Cotesia flavipes. Halafu nikasoma kwamba kuna mwenzake mwenyeji wa hapa Afrika, Cotesia sesamiae, wanafanana.

Bi Darubini

Wanafanana sana. Na unajua wanatenganishwa kwa nini?

Mtegataa

Usiniambie viungo vya dume.

Bi Darubini

Tafuta sindano nyembamba zaidi.